Shule ya Kutwa na Binti wa Ndalambo

Watu wengi hudhani kuwa shule ya kanisa kwa wasichana haitimii bila ya bweni, ukuta mrefu na ada nzito. Dhana hii ni kosa, na anayelipia kosa hili ni mtoto maskini.

Wamisheni wa Kianglikana walipoanzisha shule ya wasichana Mbweni, Unguja, katika miaka ya 1870, hawakuuliza baba wa mwanafunzi ana mali gani. Wanafunzi walikuwa watoto waliokombolewa katika utumwa. Bibi Caroline Thackeray aliiongoza shule hiyo tangu mwaka 1877 hata 1902, na miongoni mwa watoto wale walitoka walimu. Bweni lilihitajiwa kwa sababu watoto hawakuwa na kwao. Lilikuwa dawa ya ukiwa, si pambo la heshima.

Binti wa Ndalambo, katika wilaya ya Momba, si mkiwa. Ana mama, ana bibi, ana Kinyamwanga chake. Kanisa likitaka kumfundisha, limjengee shule ya kutwa. Chakula cha usiku na kitanda anavyo kwao. Gharama hizo zikiondoka, ada nayo ishuke. Mcheza kwao hutunzwa.

Nitaambiwa kuwa njia ni ndefu na ina hatari, na kwamba kazi za nyumbani humla mtoto jioni. Ni kweli. Lakini dawa ya njia ndefu ni shule iliyo karibu, na dawa ya kazi nyingi ni mzazi aliyefundishwa kumwachia bintiye saa mbili na taa. Ada kubwa haifupishi njia, hufunga mlango.

Nitaambiwa tena kuwa mwalimu hashibi sala. Hilo nalo ni kweli. Basi mwenye nacho alipe, na waumini wamchangie asiye nacho. Serikali ilifuta ada katika sekondari zake hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016. Kanisa litakalomfukuza mtoto kwa ada hiyo hiyo litajibu nini?

Jambo hili si dogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuwa ruhusa hiyo ni kinyume cha Katiba. Lakini hukumu haimwekei mtoto dawati, na msichana asiye na dawati hutafutiwa mume.