Ya Kale Hayanuki

Wako watu wazisifuo ndege za abiria za zamani, zile zilizovutwa na rafadha zizungukazo kwa injini za pistoni, kana kwamba zilikuwa pepo iliyoinuliwa angani. Husema kuwa viti vilikuwa vipana, chakula kilikuwa kitamu, na safari ilikuwa ya heshima. Msomaji, usizipokee sifa hizi kabla ya kuzipima. Wahenga walisema ya kale hayanuki. Basi lisilonuka si lazima liwe lilikuwa safi.

Itazame DC-3, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1935. Ilifanya kazi kubwa duniani, na hata Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, liliitumia. Walakini chumba chake hakikushindiliwa hewa, kwa hiyo haikuweza kupaa juu ya tufani. Ilipita katikati yake, na abiria waheshimiwa wakatapika. Constellation ilipanda juu zaidi, lakini ilibeba injini nne, kila moja yenye silinda 18. Silinda 72 zilitetema saa baada ya saa, na injini kuzimika safarini halikuwa jambo la ajabu.

Tena, ni nani aliyekaa katika viti vile vipana? Ni wachache wenye mali na vyeo. Mkulima na mwanafunzi walizitazama ndege kutoka chini.

Utaambiwa kuwa jeti nazo zilianguka. Ni kweli. Comet ilianza kuchukua abiria tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hata Johannesburg kwa njia ya Entebbe. Na mwaka 1954 mbili zilipasuka angani. Lakini wataalamu hawakuzitungia sifa. Waliutia mwili wa Comet katika tangi la maji, wakaushindilia na kuulegeza mara nyingi hata ukapasuka, wakaijua sababu. Aliye salama angani leo ana deni kwa watu waliolitafuta kosa, si kwa waliolipamba.

Sikuambii uzidharau ndege za kale. Nenda ukazitazame katika majumba ya makumbusho, uwastahi mafundi na marubani wake. Ila uzikumbuke zote, uzuri na ubaya pamoja. Ailiaye jana aliyoichagua nusu, hulilia kitu ambacho hakikuwapo kamwe.