Si Kila Shinikizo la Damu ni la Chumvi

Mwalimu akipimwa na kuambiwa kuwa ana shinikizo la damu, majirani hutoa hukumu kabla hajafika nyumbani: amezidisha chumvi, au ana mawazo mengi. Akirudi hospitali bila nafuu hushutumiwa kuwa hamezi dawa. Kwa baadhi ya wagonjwa hukumu hiyo ni dhuluma.

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo iitwayo adrenali. Mojawapo ya kazi zake ni kutoa homoni ya aldosteroni, inayouamuru mwili kuhifadhi chumvi na kupoteza potasiamu. Tezi ikiota uvimbe, ambao kwa kawaida si saratani, homoni hiyo humiminwa bila kipimo na shinikizo hupanda. Daktari Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955, baada ya mama wa miaka 34 kukatwa uvimbe wa namna hiyo na kupata nafuu.

Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiongozwa na Richard Lifton, walikuta kasoro za jeni ya KCNJ5 katika uvimbe 8 kati ya 22 waliouchunguza. Kasoro hizo hazikurithiwa. Zilizuka ndani ya uvimbe wenyewe. Mlango wa seli uliowekwa kwa ajili ya potasiamu huanza kupitisha sodiamu, na seli ikadanganyika kuwa imeamriwa kutengeneza homoni. Nchini Japani kasoro hiyo imekutwa katika zaidi ya nusu ya uvimbe wa aina hii. Lakini uchunguzi wa Wamarekani weusi uliochapishwa mwaka 2019 uliikuta jeni nyingine, CACNA1D, ya mlango wa kalsiamu, ikiwa mbele.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Kama utafiti ungekomea kwa Wajapani na Wazungu, vitabu vingetufundisha kuwa ugonjwa huu una sura moja kwa binadamu wote. Na hao Wamarekani weusi, ingawa ni ndugu zetu kwa asili, hawawezi kupimwa kwa niaba yetu. Uvimbe unaokatwa katika vyumba vyetu vya upasuaji hauna budi kuhifadhiwa na kuchunguzwa na wataalamu wetu wenyewe.

Tiba, hata hivyo, haingoji jeni. Mwaka 2025 jumuiya ya wataalamu wa homoni yenye makao yake Marekani ilipendekeza kila mwenye shinikizo la damu apimwe aldosteroni na renini. Uvimbe wa upande mmoja hukatwa. Tezi zote mbili zikihusika, ipo dawa ya siku nyingi, spironolaktoni. Watakuwepo watakaolalamikia gharama za vipimo, kana kwamba kiharusi hakina gharama. Basi na tuanze na wale wanaomeza dawa tatu bila nafuu, na wale ambao potasiamu yao imeshuka. Hao wamekwisha kuhubiriwa habari za chumvi vya kutosha.