Januari Pale Sarit

Sisi kina mama tuliolea watoto Nairobi miaka ya 1980 na 1990 hatukuijua Sarit Centre kwa anasa. Tuliijua kwa orodha ya vitabu. Jengo hilo la Westlands lilifunguliwa mwaka 1983, na mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Masomo yakaongezeka, vitabu vikaongezeka, na kila shule zikikaribia kufunguliwa mtoto alikuja na karatasi ndefu. Foleni ya Text Book Centre ilijaa kina mama, karatasi mkononi, kibeti kwapani, wakihesabu kimoyomoyo: hiki cha hesabu hakina budi, cha muziki ataazima kwa jirani, atlasi atarithi ya kaka yake.

Watoto nao walitaka soda. Wengi wetu tuliwapitisha haraka mbele ya vioo vya maduka na kuwaambia, "Tutarudi." Mama gani hajasema hivyo?

Unga, sukari na sabuni tulinunua Uchumi, supamaketi iliyoanzishwa mwaka 1975. Mifuko yake ya plastiki hatukuitupa; ilibeba sare, viatu, hata mboga, hadi mifuko ya namna hiyo ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2017. Kisha tulivuka kwenda soko la Westlands. Huko ndiko tulikopumua, maana bei ya sukuma wiki mwaweza kusemezana, lakini kwa keshia utasema nini?

Uchumi ilizama katika madeni, na mwaka 2015 ikafunga matawi yake ya Tanzania na Uganda. Leo supamaketi kubwa ya Sarit ni Carrefour, na jengo limepanuliwa mno. Ni zuri, hatukatai.

Lakini Westlands ina kumbukumbu nzito pia. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate, si mbali na Sarit. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kutoka na watoto. Kwa muda mrefu baadaye baadhi yetu hatukuthubutu kuingia jengo lolote la maduka, na tulipoingia tulitazama kwanza mlango wa kutokea uko wapi.

Barabara ya Waiyaki sasa ina nyingine juu yake, iliyofunguliwa mwaka 2022. Mugumo mkubwa wa kando yake nusura ung'olewe. Watu walipinga, na Novemba 2020 Rais akaagiza uachwe. Upo.

Na ile foleni? Tangu mwaka 2018 serikali hupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, kwa hiyo wazazi wengi wameepukana nayo. Wenye watoto katika shule za binafsi bado husimama pale kila Januari, karatasi mkononi.