Meza kuukuu ya pool isitupwe

Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei au Juni, na kila msimu unapokaribia wafanyabiashara wadogo wa Shishiyu na kwingineko mkoani Simiyu huanza kuwaza meza mpya ya pool. Kabla ya kukopa, ikagueni ile ya zamani.

Thamani ya meza iko kwenye bamba la jiwe chini ya kitambaa. Kama halijapasuka, mengine yote hurekebishwa nyumbani. Libebwe likiwa limesimama kwa ubavu, tena na watu wa kutosha. Likibebwa kilalo hupasuka. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote, kwani chembe moja tu hupotosha mpira, kisha kitambaa kipya kivutwe sawasawa pande zote. Raba za kingo zinazorudisha mpira kivivu zibadilishwe papo hapo, maana nazo huvikwa kitambaa. Mbao, fundi seremala wa kijijini anaziweza kwa msasa na vanishi. Mwisho pima maji, hasa kwenye sakafu ya udongo.

Sasa hesabu. Mkopo hudai marejesho kila mwezi, ilhali fedha za pamba hukaa kijijini miezi michache tu. Aidha, msihesabu mapato ya kutwa nzima. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikemea vijana kucheza pool saa za kazi, na mimi naona alikuwa na hoja: mteja wenu asubuhi anatakiwa shambani. Pigeni hesabu ya jioni pekee, ndipo muamue kama meza mpya inalipa.