Gari la familia: hesabu isiishie siku ya kununua

Kwa wiki tatu nyumbani kwetu mazungumzo yalikuwa ni gari tu. Baba Ayubu alitaka jipya kabisa, la dukani, ambalo hajawahi kulikalia mtu. Mimi nilitaka lililotumika. Kila mmoja alimwona mwenzake hajui hesabu.

Mjadala aliuanzisha mtoto wetu wa tatu. IST yetu ilikuwa inatutosha vizuri mpaka alipozaliwa. Baada ya hapo nyuma wakawa wanabanana wakubwa wawili na dada anayetusaidia nyumbani, na mdogo nikawa nampakata mimi, kiti cha mbele. Naona aibu kuandika hivyo kwenye ukurasa huu wa familia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Gari likifunga breki ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto asirushwe.

Tulikuwa na milioni 38, pamoja na fedha tulizotarajia kupata kwa kuuza IST. Gari jipya la watu saba tulilolipenda lilizidi mara tatu. Baba Ayubu akasema pengo lizibwe kwa mkopo wa miaka mitano. Nilipoona rejesho la kila mwezi, nikafikiria Januari na ada ya shule, nikanyamaza. Tukalala hatujasemeshana.

Usiku wa pili ndipo aliposema lililokuwa moyoni. "Mama Ayubu, unakumbuka Mikese?"

Nakumbuka. Tulikuwa tunakwenda Morogoro, usiku, Ayubu ana homa kali, mpira wa rejeta ukapasuka. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa mbili, malori yanapita, mtoto anatetemeka. "Sitaki tena kusimama njiani na mtoto mgonjwa," alisema.

Basi kumbe mume wangu hakuwa anatafuta sifa kwa majirani. Alikuwa anatafuta uhakika. Lakini nilimkumbusha jambo moja: fundi alikuwa ametuambia miezi miwili kabla kwamba mpira ule umechoka, ubadilishwe. Tulisema tusubiri kidogo, hela ina kazi nyingine. Gari halikutuangusha kwa sababu ya uzee wake. Lilituangusha kwa sababu tulilinunua, halafu hatukubakiza fungu la kulitunza. Gari jipya lenye mkopo unaomeza mshahara wote lingetufikisha hapo hapo, labda kwa kuchelewa kidogo.

Kuanzia hapo swali likabadilika. Tukaacha kuuliza "jipya au lililotumika?" Tukauliza, "Tukishanunua, tutabaki na shilingi ngapi?"

Njia ya kwanza tuliyopiga hesabu ni kuagiza Japani. Hapa wazazi wengi wanakosea: wanaangalia bei ya mtandaoni na kusahau kodi. Kwa viwango tulivyokuta wakati tunatafuta, kulikuwa na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda kufuata ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000, asilimia 10 ikizidi hapo. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 gari likiwa na miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 likizidi kumi. Kwa hiyo gari la bei ya chini kule linaweza kukugharimu zaidi bandarini kuliko dogo lake wa miaka miwili. Kabla hujatuma hata senti, ingia kwenye mfumo wa TRA wa kukadiria kodi ya magari yaliyotumika, uone jumla. Viwango hubadilika na bajeti, hivyo usitegemee hesabu ya rafiki aliyeagiza mwaka juzi. Sisi tuliona jumla ingetuachia mifuko mitupu.

Ikabaki kununua hapa hapa, kwa mtu. Tukatafuta Toyota Vanguard ya viti saba. La kwanza tulilokwenda kuliona lilikuwa linang'aa kama la harusi. Fundi wetu, ambaye tulimlipa sisi wenyewe na si dalali, alituonyesha mambo ambayo macho yetu hayakuyaona.

Kwanza, matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yale yaliandikwa 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Yalikuwa yamepakwa dawa ya kung'arisha tu.

Pili, taa ya mifuko ya hewa, ile mifuko inayofumka gari likigonga. Ukiwasha swichi, taa hiyo inatakiwa iwake kidogo kisha izime. Ile haikuwaka kabisa. Huenda kuna mtu aliing'oa ili kuficha kasoro. Kuhusu mifuko hiyo, mjue pia kwamba mamilioni ya magari duniani, mengi yakiwa ya Kijapani, yaliitwa kurudishwa kwa sababu ya mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo joto na unyevunyevu wa miaka mingi huiharibu hadi ikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Sisi wa pwani joto na unyevu tunavyo. Chukua namba ya chasisi, uliza kwa wakala wa mtengenezaji kama gari lilishafanyiwa marekebisho.

Tuliliacha. La tatu ndilo tulilolichukua, kwa milioni 29. Jina kwenye kadi lilikuwa la muuzaji mwenyewe, tulikagua kama lina deni la faini za barabarani, na alikuwa bado ametunza cheti cha kutolea gari Japani chenye kilomita zilizosomwa huko. Halikuwa linang'aa. Lina mkwaruzo mlangoni.

Milioni tisa zilizobaki hazikuwa za sherehe. Tulilipa uhamisho wa umiliki na bima kubwa, tukanunua matairi manne mapya, tukabadilisha oili zote, mikanda na mipira ya rejeta. Mipira ya rejeta Baba Ayubu aliisimamia mwenyewe, hakumwachia fundi. Kilichobaki kimewekwa kwenye akaunti yake, na kila mwezi tunaongeza kidogo. Hakiguswi kwa mchango wa harusi wala kwa ada.

Ushauri mmoja wa mwisho, wazazi wenzangu: mkienda kuangalia gari, nendeni na watoto pamoja na viti vyao. Viti vya nyuma kabisa vya Vanguard ni vidogo, na vikikunjuliwa buti linabaki la mifuko miwili ya sokoni. Afadhali mjue hivyo kabla ya kulipa.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Morogoro. Tulipofika Mikese Baba Ayubu alipunguza mwendo, akatazama kipimo cha joto la injini, akaendelea. Mdogo alikuwa amelala nyuma, kwenye kiti chake, amefungwa mkanda. Mikono yangu ilikuwa mitupu, nami sikuona aibu.