Hadithi za kutisha za wanawake zisidharauliwe

Wapo wasomaji, na miongoni mwao wamo walimu na watumishi wa Serikali, ambao wakimwona kijana ameshika kitabu cha hadithi za kutisha humwambia akiweke chini asome kitu cha maana. Hoja zao ni mbili. Kwanza, husema kwamba hadithi za namna hiyo ni upuuzi wa kupotezea wakati. Pili, husema kwamba zinachochea ushirikina katika jamii ambayo ingali inapambana na ushirikina. Na ikiwa aliyekiandika kitabu hicho ni mwanamke, dharau huzidi, kwani huhesabiwa kuwa ni porojo tupu.

Hoja ya pili si nyepesi, na inastahili kujibiwa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu huo ulichukuliwa kuwa alama ya uchawi, ilhali kwa wengi wao ulitokana na moshi wa jikoni walimopikia watoto na wajukuu wao maisha yao yote. Kwa hiyo, anayependekeza kitabu cha kutisha kisomwe hana budi kueleza kama kitabu hicho kinausaidia mkono ulioshika panga au kinauzuia.

Jibu ni kwamba vitabu bora vya aina hii vilivyoandikwa na wanawake vinauzuia. Humwingiza msomaji gizani, ni kweli, lakini hofu ikifuatwa hadi kwenye chanzo chake, anayekutwa huko ni binadamu, au desturi, au sheria.

Mfano wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1794 Mwingereza Ann Radcliffe alitoa riwaya iitwayo "The Mysteries of Udolpho". Msichana yatima, Emily, anapelekwa kwenye ngome ya milimani huko Italia. Usiku husikika sauti, na nyuma ya pazia jeusi anaona kitu kinachomfanya azirai. Mwishoni kila kioja kinaelezwa: kile alichokidhani kuwa maiti kilikuwa sanamu ya nta. Lakini jambo moja halifutiki. Mwenye ngome, Montoni, ni mume wa shangazi yake Emily, na anawabana wanawake hao wawili ili wamwachie mali zao. Mizimu ilikuwa uzushi, bali mporaji alikuwa wa kweli. Mtumishi yeyote aliyepata kusikiliza kesi ya mjane aliyenyang'anywa shamba kwa kisingizio cha uchawi ataielewa riwaya hiyo bila kufafanuliwa.

Mary Shelley alikuwa na umri wa miaka 18 alipoanza kuandika "Frankenstein" mwaka 1816, karibu na ziwa la Geneva huko Uswisi. Kitabu kilitoka mwaka 1818 bila jina lake, na wako waliodhani kimeandikwa na mumewe. Watu wengi hudhani kwamba Frankenstein ni jina la zimwi. Sivyo. Ni jina la msomi aliyeliumba zimwi hilo, kisha akalikimbia usiku ule ule lilipofumbua macho. Kiumbe huyo hakuzaliwa muovu. Alijifunza lugha kwa kuwasikiliza watu kupitia ufa wa ukuta, akatamani kuishi nao, akafukuzwa kwa kipigo. Hapo ndipo alipogeuka muuaji. Hilo ni funzo kwa kila mwenye elimu na madaraka: anayeanzisha jambo kwa mbwembwe na kulitelekeza hana haki ya kushangaa madhara yanapomrudia.

Mmarekani Charlotte Perkins Gilman, mwaka 1892, aliandika hadithi fupi inayoitwa "The Yellow Wallpaper". Mwanamke aliyejifungua karibuni ameingiwa na huzuni isiyokwisha. Mumewe, ambaye ni daktari, anamweka katika chumba cha juu, anamkataza kazi na kuandika, na kila anapojieleza humjibu kwa upole kwamba hana ugonjwa wa maana. Siku zinapita, mama huyo anaikazia macho karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani, hata anaanza kumwona mwanamke mwingine akitambaa nyuma ya michoro yake kama mfungwa. Gilman mwenyewe alitibiwa kwa namna hiyo mwaka 1887, naye mwaka 1913 alieleza kwamba aliandika ili kuwaokoa wengine. Kinachotisha ni kwamba mume huyo hampigi mkewe wala hamtukani. Anampenda, ila hamsikilizi. Afisa anayepokea malalamiko ya wananchi kila siku, akayajibu kwa adabu na kuyaweka kabatini, atajiona humo.

Hadithi inayofaa kuliko zote kusomwa darasani ni "The Lottery", yaani bahati nasibu, ya Mmarekani Shirley Jackson. Ilichapishwa tarehe 26 Juni 1948 katika gazeti la "The New Yorker". Wanakijiji wanakusanyika asubuhi ya kiangazi, wanasalimiana, wanataniana, watoto wanaokota mawe. Kila mmoja anachukua karatasi kutoka katika sanduku jeusi. Anayepata karatasi yenye alama anapigwa mawe na majirani zake hadi kufa. Hakuna anayekumbuka vizuri desturi hiyo ilianzaje, na mzee wa kijiji anawabeza wanaotaka iachwe. Humo hamna jini hata mmoja. Jackson alipata barua zaidi ya 300 katika kiangazi kile, nyingi zikiwa za hasira. Serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku hadithi hiyo, na inasimuliwa kwamba mwandishi alijivunia jambo hilo, kwa kuwa angalau wao walikuwa wameielewa.

Sasa mwalimu aisome mahali ambapo bibi kizee aliuawa na watu waliomwamkia "shikamoo" juma lililotangulia. Hatahitaji kuongeza mahubiri. Wanafunzi watauliza wenyewe ni nani aliyeokota jiwe la kwanza, na kwa nini wengine walinyamaza.

Hata pale mzimu unapokuwa mzimu hasa, mambo hayabadiliki. Katika "Beloved", riwaya ya mwaka 1987 ya Toni Morrison, Mmarekani mweusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993, binti aliyekufa anarudi nyumbani kwa mama yake. Chimbuko lake ni tukio la kweli: mwaka 1856 Margaret Garner alitoroka utumwani Kentucky, akazingirwa, akamuua binti yake asirudishwe kwa bwana. Msomaji humwogopa mzimu kwa kurasa chache tu. Kinachomkosesha usingizi ni sheria iliyomfanya mama aone kaburi kuwa salama kuliko shamba la mtumwa. Wasomaji wa Bagamoyo na Unguja, ambako watu waliuzwa, hawawezi kuuita upuuzi.

Si kila kitabu cha kutisha kinafaa. Vipo vinavyomwaga damu kwa ajili ya damu tu, na vingine, kama hicho cha Morrison, vinawafaa watu wazima kuliko watoto. Kipimo ni kimoja: hofu iliyomo inampeleka msomaji wapi? Mabibi wa nchi hii walikijua kipimo hicho tangu zamani. Waliposimulia habari za mazimwi kando ya moto, walikuwa wakimfundisha mtoto kumtambua mgeni mwenye maneno matamu.

Inafaa basi walimu waanze na hadithi hizo fupi mbili, ambazo husomeka kwa kipindi kimoja au viwili. Maktaba za shule na vyuo ziviweke vitabu hivi rafuni. Na wenye ujuzi wa lugha wavitafsiri, wakianza na vya Shelley na Gilman, ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha. Mwalimu Nyerere alimsemesha Julius Caesar Kiswahili mwaka 1963, huku akiwa na kazi ya kuongoza taifa. Mwanamke wa chumba cha manjano naye anasubiri msikilizaji.