Sumu ya mahindi: Wanafunzi wa Mutomo waonyeshwe adui

ZAIDI ya miaka 20 imepita tangu aflatoksini iliyokuwa katika mahindi iue watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua nchini mwaka wa 2004. Makueni na Kitui ndizo wilaya zilizoumia zaidi, na Mutomo wakati huo ilikuwa sehemu ya Kitui.

Tangu hapo wakulima wamehimizwa kukausha mahindi vyema kabla ya kuyahifadhi. Lisiloelezwa ni sumu yenyewe ni kitu gani. Mlaji hawezi kuiona, na moto wa jikoni hauimalizi. Si ajabu basi mtu kupangusa ukungu, kuosha punje na kupika isyo akidhani amenusurika.

Kwa mwalimu wa kemia, mtandao wa MolView unaweza kuziba pengo hilo. Hutozwi ada wala huhitaji kuweka programu kwenye kompyuta. Unafungua kivinjari, unatafuta aflatoksini B1, na molekuli inajitokeza: atomi 17 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Unaweza kuizungusha upendavyo.

Pembeni mwake kuna pete yenye muungano maradufu wa atomi mbili za kaboni. Hapo ndipo penye balaa. Ini, katika jitihada za kuiondoa sumu, huigeuza sehemu hiyo kuwa kitu kikali kinachojibandika kwenye DNA. Mwanafunzi akifuta mstari mmoja wa muungano huo upande wa kuchorea, haidrojeni mbili huongezeka na kuwa aflatoksini B2, ambayo makali yake ni hafifu mno. Mstari mmoja tu! Ubaoni, kwa chaki, tofauti hiyo hupita bila kutambuliwa.

Mradi wa serikali wa tabuleti ulioanza 2016 uliwalenga watoto wa darasa la kwanza, ambao hawasomi molekuli. Wa sekondari, wanaozisoma, waliachiwa picha za vitabuni.

Ni kweli kwamba skrini haipimi gunia. Mwaka wa 2004, zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizokaguliwa sokoni katika maeneo yaliyoathirika zilipita kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni, na hilo lilibainika katika maabara. Kitui ingali inahitaji vipimo vilivyo karibu na mkulima. Lakini somo hili halihitaji kusubiri vipimo hivyo. Kompyuta moja na projekta vinatosha darasa zima, na pasipo na intaneti, mwalimu anaweza kuhifadhi picha za molekuli zote mbili akiwa mjini na kuzibeba hadi shuleni.